Chumvi ya Kabla ya Mvua

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mama yangu husema nilitoka tumboni nimeshakunja ngumi. Kwa hiyo usikae ukingoja nikusimulie habari hii kwa sauti ya kubembeleza. Nitaisema kama ilivyo, na nikipandisha sauti univumilie.

Kazi yangu ni kupima chumvi. Kiwandani kwetu chumvi huja na malori ikiwa tupu, inamwagwa lundo kubwa chini ya paa la bati, halafu inapandishwa kwenye mkanda. Juu ya mkanda kuna bomba lenye matundu madogo madogo, na hilo ndilo linaloinyunyizia maji ya madini joto. Tulifundishwa siku ya kwanza kazini: kila mtu ana tezi shingoni, na tezi hiyo inahitaji madini joto ili itengeneze homoni inayoendesha joto la mwili, nguvu, usingizi, hata mimba. Mwili hauwezi kujitengenezea madini hayo. Usipoyala, huna.

Mkanda ukishapita kwenye bomba unafika kwangu. Nachota kijiko kimoja, natandaza chumvi kwenye kisahani, nadondosha tone la dawa ya kupimia. Ikigeuka zambarau, tunaendelea. Ikibaki nyeupe, napiga ukelele mkanda usimame, na nikipiga ukelele mimi hata mlinzi wa getini anasimama. Kila pakiti ya zamu yangu inapigwa muhuri wenye nambari saba. Saba ni mimi. Nilikuwa najivunia ile saba kama watu wengine wanavyojivunia watoto.

Anayeendesha bomba ni mume wangu. Kiwanda kizima kinamwita Mvua kwa sababu ya kazi yake, na mimi wakaniita Mama Matone. Siku ya harusi yetu mpishi wa kantini alisimama akasema, "Mvua kamuoa Matone, tutegemee mafuriko!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Miaka minne ikapita, mafuriko hayakuja, na lile jina la Mama likaanza kunichoma. Mtu akiniita naitika, lakini moyoni nauliza, mama wa nani?

Sasa sikiliza jambo moja la watu wa kiwandani kwetu. Wafanyakazi wa siku nyingi hawali chumvi ya pakiti. Wanadai inanuka dawa. Jioni wanachota ya lundo, ile ambayo bado haijapita chini ya bomba, wanaiita chumvi ya kabla ya mvua, wanaondoka nayo na kujiona wamepewa kilicho bora. Yaani sisi tunaowalisha watu madini joto, majumbani kwetu tunakula chumvi tupu. Mganga hajigangi, wazee hawakukosea.

Mimi nilikataa. Wiki ya kwanza ya ndoa Mvua alikuja na kifurushi cha lundo, nikakimwaga uani mbele ya macho yake. Nikamwambia, "Ndani ya nyumba hii ni pakiti yenye saba, au tule chakula bila chumvi." Akacheka, akapiga saluti. "Sawa, mkuu wa kiwanda." Kuanzia hapo, kila mwezi alileta pakiti nne za mgao wa wafanyakazi, zimefungwa vizuri, zina muhuri wangu. Nilizipanga kabatini mimi mwenyewe.

Mimba ya kwanza ilitoka wiki ya kumi. Muuguzi wa kliniki, mama mmoja mnene mwenye maneno mengi, alinikalisha akaanza kuniuliza. Nilipokuwa najibu nusunusu akanipiga kikofi gotini. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Nijibu yote." Nikajibu yote. Ninakula nini, nalala vipi, baridi, nywele, hedhi. Akafika kwenye chumvi. "Mnatumia chumvi gani nyumbani?"

Nikacheka. "Mama, chumvi inayouzwa mji huu ninaipima mimi."

Naye akacheka, akalikata swali lile kwa mstari kwenye karatasi yake, akaendelea na swali lingine. Mpaka leo ule mstari ninauona. Swali lile nililifuta mimi, kwa majivuno yangu.

Mwaka uliofuata ikatoka ya pili, wiki ya kumi na moja. Hiyo ilinipeleka hospitali kubwa, nikalazwa siku tatu. Walinitoa damu. Daktari alizungumza na Mvua barazani mimi nikiwa na usingizi wa dawa, na nilipoamka nikamuuliza amesema nini. Akanishika mkono. "Amesema damu yako ni nzuri. Ni kazi ya Mungu, mke wangu." Nikalia, akanifuta machozi kwa kiganja chake. Nilijiambia, angalau nina huyu.

Baada ya hapo mwili wangu ulikuwa kama mzigo wa mtu mwingine. Watu wanapepea kwa joto, mimi nimevaa sweta. Nywele zinabaki kwenye kitana. Nasinzia mezani, na shingo imenenepa kidogo hivi kwamba kola ya sare ilinibana. Mama mkwe akasema ni uvivu. Na mtoto wa wifi yangu, dada mdogo wa Mvua, alipotimiza mwezi mmoja, tukakusanyika kumwona, na mama mkwe akiwa amempakata akasema mbele ya ukoo mzima, "Tumbo ni tumbo, lakini mengine hayashiki. Mwanangu amelima kwenye mawe." Nilimtazama Mvua. Alikuwa anachokonoa kucha zake. Nikamsamehe papo hapo, nikasema ni adabu kwa mama yake, afanyeje?

Mwaka huu nikashika mimba ya tatu. Wiki ya saba, aliyejua ni Mvua peke yake. Kliniki sikwenda, niliogopa. Niliona kama nikiisema kwa sauti itasikia na kukimbia.

Siku hiyo, saa ya chakula cha mchana, harufu ya kantini ilikuwa inanipindua tumbo, kwa hiyo nilikuja na mayai yangu mawili ya kuchemsha na chumvi kidogo niliyoifunga kwenye karatasi. Mpishi akanipita na beseni la vikombe, akachungulia.

"Ya lundo hiyo, usinidanganye!"

"Ya pakiti. Ya kwangu mwenyewe, nambari saba."

"Weee! Kila mtu hapa anakula ya lundo. Wewe na Mvua mmeshushwa na malaika?"

Wasichana wa kufungasha wakaanza kucheka. Na mimi nikichokozwa tu, nimepatikana. "Leteni kisahani niwafunge mdomo," nikasema. Nikatoa chupa ya matone kwenye mfuko wa koti, nikaitandaza chumvi yangu, nikadondosha tone.

Ikabaki nyeupe.

Nikadondosha la pili. Nyeupe. Mpishi akapiga kofi. "Haya, Mama Matone! Saba yako hiyo!" Wakaangua kicheko, nami nikacheka pia, nikasema dawa ya chupani imeharibika. Nikaondoka na mayai sijayala, nikaenda mezani kwangu, nikapima chumvi ya mkandani kwa chupa ileile. Zambarau. Nikasimama pale mpaka kengele ya kurudi kazini ikalia.

Nilimwomba msimamizi ruhusa, nikasema naumwa, na haukuwa uongo. Nyumbani nilifungua kabati nikatoa pakiti zote nne, zimefungwa, zote saba. Nikakata kila moja, nikaweka visahani vinne mezani, tone kwa tone. Vyote vyeupe.

Mvua aliingia saa kumi na moja jioni. Aliviona visahani kabla hajaniona mimi. Hakuuliza ni nini. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

"Nani?" nikauliza.

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo." Akakaa, akavua kofia. "Mama alisema dawa ile inafunga kizazi. Alisema zamani wanawake wa kwetu walizaa kumi, tangu ianze kunyunyizwa wanazaa wawili, watatu, basi. Nikaogopa. Nikawa najaza pakiti zetu asubuhi, tangi likiwa bado linajazwa maji. Mashine ya muhuri inapiga tu, haiulizi."

"Na wewe mkono wako ndio unaofungua bomba! Unawanyunyizia watu mji mzima kitu unachoamini kinafunga kizazi?"

"Ile ni kazi," akasema.

Nilivunja kisahani kimoja ukutani, halafu cha pili. Nikamwambia kwamba ni kinyume, kwamba tezi ikikosa madini joto ndiyo mimba inayumba, kwamba tulifundishwa wote wawili kwenye chumba kimoja, tumekaa benchi moja. Akalia. Sijawahi kumwona mwanaume akilia namna ile, kamasi na machozi, amepiga magoti kwenye vigae vya sahani. "Nilikuwa nakulinda," akasema. "Naapa, nilikuwa nakulinda."

Na mimi, mwenye ngumi zangu, nikalainika. Nikasema huyu ni mjinga aliyemwamini mama yake, na nani kati yetu hajamwamini mama yake? Mjinga hufundishwa. Nilimwinua. Tulifagia vile vigae pamoja.

Asubuhi nilikwenda kliniki. Muuguzi yuleyule alinipapasa shingo, akaacha maneno yake yote. Wakanitoa damu. Majibu yaliporudi akanivuta karibu. "Tezi yako imechoka, mwanangu. Imefanya kazi bila vifaa kwa miaka. Na mtoto wiki hizi za mwanzo hana tezi yake inayofanya kazi, anaazima homoni kwako. Sasa anakuja kuazima, anakuta mtungi mtupu."

"Nimechelewa?"

"Ungekuja wiki tano baadaye ningekuogopea zaidi. Tuanze leo leo." Akanipa vidonge vya tezi, kimoja alfajiri kabla sijatia kitu mdomoni, na vya kuongeza damu nivimeze mchana, visikutane, maana vikikutana kimoja kinamzuia mwenzake. Na chumvi nimwonyeshe mwenyewe kwa tone.

Nilimuuliza kuhusu wale wawili. Akatikisa kichwa. "Siwezi kukuapia. Mimba hutoka kwa mengi. Lakini hili lilikuwepo, na lingezuilika."

Nilipotoka pale mawazo yangu yakaruka kwa wifi. Ananyonyesha, mtoto ana miezi mitano, na chumvi ya ukoo mzima ilikuwa inapitia mkononi kwa Mvua. Nikasema Mungu wangu, yule mtoto! Sikurudi hata nyumbani kubadili viatu.

Wifi alinipokea na mtoto begani. Mtoto ni mzima, ana mashavu, ana kelele. Nikamweleza yote, nikamwambia alete chumvi yake. Akaenda jikoni, akaja na kopo. Nikadondosha tone.

Zambarau. Zambarau ya kukolea.

"Alhamdulillahi!" akasema wifi, akakaa chini. Mimi nikaendelea kukiangalia kisahani.

"Hii umenunua dukani?"

"Dukani wapi? Kaka ndiye anayeniletea siku zote. Ila mwaka jana alikuja mbio, akasema ile niliyokuwa nayo imeingia unyevu, niimwage yote. Akanipa pakiti mpya, na tangu hapo analeta hizi."

"Mwaka jana lini?"

Wifi alifikiri huku akimpigapiga mtoto mgongoni. "Siku ileile uliyotoka hospitali. Nakumbuka, maana nilitaka kuja kukuona, akasema nisije, umelala. Nilikuwa na mimba ya miezi miwili." Alinitazama usoni, na taratibu mkono wake ukaacha kumpigapiga mtoto.

Nilimbusu mtoto, kwa sababu mtoto hana kosa, nikaondoka.

Sikungoja afike nyumbani. Nilimkuta Mvua nyuma ya kiwanda, amevaa buti za mpira, anaosha tangi la bomba.

"Daktari alikwambia nini mwaka jana?"

"Daktari gani?"

"Nimetoka kwa mdogo wako. Nimepima chumvi yake."

Alifunga maji. Mpira wa maji ukabaki unadondosha matone kwenye buti zake. Halafu akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake, "Alisema damu yako ina upungufu. Alisema ni tezi. Akaniuliza chumvi, nikamwambia ukweli, akanigombeza sana. Akasema tuibadilishe siku ileile, na nikurudishe baada ya wiki mbili uanze dawa."

"Ukaenda kumbadilishia mdogo wako."

"Alikuwa na mimba, ningefanyaje?"

"Na mimi?"

Akainamia tangi lake. Nikamshika ukosi wa ovaroli, mimi na wembamba wangu huu, nikamtikisa. "Na mimi, Mvua? Nilikuwa nimelala mita kumi kutoka pale barazani uliposimama na daktari!"

"Nilitaka kukwambia."

"Usingeniambia! Ungebadilisha tu kimyakimya, kama ulivyombadilishia yeye! Nisingejua! Kwa nini hukubadilisha?"

Ndipo akalitoa. Sikumlazimisha tena, lilitoka lenyewe. "Ungejua. Wewe nakujua, unapima kila kitu. Ningebadilisha, ukashika mimba, ikakaa, nywele zikarudi, ungeanza kuuliza ni nini kimebadilika. Ungechimba mpaka ungefika kwangu. Ungejua wale wawili ni mimi."

Nilimwachia ukosi. Unajua nimekwambia nina hasira za karibu. Pale hazikuja. Niliitafuta ngumi yangu sikuiona.

"Kwa hiyo ukaona afadhali na huyu atoke."

"Sikusema hivyo!"

"Hukusema," nikamwambia. "Umeniletea kila mwezi, pakiti nne."

"Nilikuwa naomba Mungu. Kila siku, naapa, nilikuwa naomba akae."

Nilimwangalia yule mtu aliyenifuta machozi kwa kiganja chake, akaniambia ni kazi ya Mungu, na majibu yangu yako mfukoni mwake. Aliyekaa akichokonoa kucha mama yake akiniita mawe, huku anajua mawe ni nani aliyeyaweka. Nikaingia ndani, nikamwandikia meneja taarifa ya mistari sita: pakiti zenye nambari yangu zimetoka bila madini joto, aliyezijaza ni fulani, sahihi yangu hii hapa. Wakamtoa kwenye bomba siku ya pili yake. Mama mkwe alikuja getini kunililia, eti nimemwaibisha mwanawe, na yeye hakujua, yeye aliamini. Nikamwambia, "Mama, wewe nakusamehe, kweli uliamini. Yeye aliacha kuamini mwaka jana."

Nilihamia kwa wifi. Ni yeye aliyekuja na mkokoteni kuchukua vitu vyangu, mtoto mgongoni, hakumsalimia kaka yake. Usiku alinililia, akisema sasa yeye anamwona mtoto wake kama kitu cha wizi. Nikamwambia anyamaze, mtoto ni baraka, mwizi anajulikana.

Nikaishi kwa kuhesabu wiki. Ya nane, ya tisa. Ya kumi sikulala. Ya kumi na moja nilikuwa nakwenda chooni kila saa kuangalia, nikitoka wifi ananiuliza kwa macho nami natikisa kichwa, hamna. Kola ya sare ikalegea. Sweta nikalivua. Muuguzi akawa ananiandikia majibu mazuri, anachora mstari chini yake mara mbili.

Jumapili moja, wiki ya kumi na tisa, nilikuwa nimejinyoosha kwenye mkeka wa wifi saa za adhuhuri, yeye anapika. Nikasikia kitu ndani, kama kidole kinagonga. Nikazuia pumzi. Kikagonga tena, chini kidogo ya kitovu, kwa nguvu, kama mtu mwenye haki yake.

Nilicheka peke yangu. Nilicheka, halafu kicheko kikageuka, nikaanza kulia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, mpaka wifi akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, uso umempauka.

"Imetoka?"

"Hapana. Anacheza."

"Anacheza!" Akatupa mwiko, akaweka mikono tumboni kwangu. "Sasa unalia nini, wifi yangu?"

Muuguzi hakuapa, na mimi siapi. Lakini yule mtoto alikuwa anagonga, mzima, chini ya mikono yetu minne, baada ya wiki kumi na mbili tu za chumvi ya kweli na kidonge cha alfajiri. Nikaikandamiza mikono ya wifi palepale. Kama huyu amekaa, basi na wale wawili wangekaa.